Kima Aliyekaa na Wanaume

Mjukuu wangu ni daktari wa wanyama. Naanza na hilo ili mlijue mapema, maana nitalirudia. Mie skuli niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililikalia zaidi nje kuliko ndani, nikikwepa bakora. Yeye kasoma mpaka walimu wake wakaanza kumuuliza yeye maswali. Mwezi uliopita alikuja hapa kwangu, mtaa wa Mahjar, Jidda, akajikunja kwenye zulia na kikombe cha chai, akaanza kunieleza habari za kima mmoja wa misitu ya Amerika ya Kusini, mwenye manyoya mazito kama godoro la sufi na mkia unaoshika kama mkono. Akatoa simu anioneshe picha. Nikamwambia asijisumbue, kima huyo nimelala naye kitanda kimoja miezi kadhaa.

Alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha akaniona mie sicheki.

"Bibi," akasema, "kima gani?"

"Huyo huyo. Na nyie mnaosoma, kuna mambo yake hamthubutu kuyasema mbele ya watu."

Basi akanishikilia niandike. Nimeandika kwa mkono wangu, yeye kanirekebishia herufi. Pakiwa na kosa, mlaumuni daktari.

Ilikuwa miaka ile ya sabini ya fedha ya mafuta, Jidda nzima ilipokuwa shimo. Ukitoka asubuhi kununua mkate, ukirudi unakuta njia imechimbwa na jirani yako kahama. Watu waliokuwa wakilala juu ya paa kwa joto mwaka jana, mwaka huu wana viyoyozi saba na mafua ya kudumu. Kila aliyepata alinunua: gari, saa, makochi ya dhahabu yanayochoma makalio. Vilipokwisha vitu vya dukani, wakaanza kununua vyenye roho. Nilimjua mtu aliyefuga chui, na nilimjua aliyemkodishia chui huyo chumba.

Kafili wangu, yaani bwana ambaye ikama yangu, kibali changu cha kuishi nchini, ilikuwa chini ya jina lake, alikuwa mkandarasi wa saruji. Mkewe alikuwa London akitibiwa maradhi yasiyokuwa na jina, yanayohitaji maduka makubwa karibu na hospitali. Mie nilikuwa mlezi wa watoto wao, nao waliniita Dada, kama watu wa Jidda wanavyomwita mlezi. Nilikuwa na binti yangu wa miaka sita, nikilala naye chumba cha nyuma karibu na jiko. Baba yake alikuwa ameshafariki. Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya sitini na nne, na pasipoti niliyotoka nayo ilikuwa ya nchi ambayo haikuwapo tena. Nyumba yetu kule ilikuwa na watu wengine ndani, wanapika kwa sufuria zetu. Kwa hiyo mtu akiniambia "rudi kwenu," nilikuwa sina hata pa kumuuliza wapi.

Siku moja kafili alirudi kutoka Riyadh na kizimba. Mshirika wake wa kule alikuwa ameletewa kima wawili na mfanyabiashara wa Ulaya aliyekuwa akitafuta kandarasi. Mmoja akambakisha nyumbani kwake, mtaa wa Malaz, mmoja akampa kafili wangu. Kizimba kikafunguliwa majlisini, mbele ya wageni, na sisi wanawake tukachungulia nyuma ya pazia.

Akatoka taratibu. Uso mweusi, umepakwa masikitiko, kama shangazi aliyekuja kwenye harusi asiyoitaka. Manyoya ya rangi ya moshi, mazito, unaona kabisa kwamba nchi ile ya joto si yake. Mikono mirefu, na tumbo limetangulia mbele kama la karani wa forodha. Na mkia, wallahi, mkia uliokuwa ukipapasa sakafu peke yake wakati macho yake yanatazama kwingine.

Kila mtu aliona kwamba ni dume. Hapakuwa na haja ya kuuliza, ilikuwa inaning'inia. Wanaume wakacheka, wakamsifu, na kafili akapokea sifa zile kama ni zake mwenyewe.

Mama yake kafili, mwanamke mkubwa wa Balad, mji wa kale wa Jidda, tuliyemwita Sitti, akauliza kutoka nyuma ya pazia kama kiumbe kile ni mume au mke. Akajibiwa ni mume, tena mume hasa. Akasema basi akae huko huko kwa wanaume. Yeye hawezi kuvua mtandio mbele ya kinachomtazama namna ile. Ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Kima akawekwa majlisini, chumba cha marumaru chenye kiyoyozi kinachonguruma mchana na usiku.

Kisha kafili akanigeukia mie.

"Wewe ni wa Zinjibar. Kwenu wamejaa hawa. Unawajua?"

"Nawajua, baba," nikasema.

Sasa ngoja niwaambie ninachokijua. Kwetu Unguja tuna kima punju, ambaye wazee walisema mbwa akimla hunyonyoka manyoya yote, na tuna kima wengine wezi wa ndizi, ambao elimu yangu juu yao ilikuwa kuwatupia mawe. Huyu wa Amerika nilikuwa sijamwona hata kwenye sanduku la viberiti. Lakini kwa mtu wa Jidda, Afrika ni shamba moja, na kima wote wa duniani wametoka humo pamoja na sisi. Na mtumishi aliyesema "sijui" miaka ile alikuwa anajikatia tiketi mwenyewe, kwa sababu bandarini walikuwa wakishuka wengine mia wanaojua kila kitu.

"Vizuri," akasema kafili. "Akifa, khalas. Wewe na binti yako, safari." Akapiga mfuko wa kanzu yake, pale zilipokuwa ikama zetu.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekukumbusha kuzima taa. Ilikuwa imebaki miezi michache ikama ile ihuishwe.

Kima akaanza kufa siku ile ile.

Si kwa ugonjwa. Alikaa kwenye kona chini ya kiyoyozi, akajifunga mwenyewe kwa mikono yake, mkia akauzungusha juu kama kamba ya mzigo. Wageni walimrushia tende, halua, peremende, kahawa ya hiliki. Alichukua, akanusa, akaacha. Alichokula kikamharisha. Mie nilikuwa nikiingia asubuhi kabla ya wageni, nafagia maganda na mabaki, namkuta kapungua. Nilijaribu ndizi mbivu, ndizi mbichi, wali, mkate wa maziwa. Nikamwimbia hata nyimbo za kubembelezea watoto, akanigeuzia mgongo, na kwa sauti yangu simlaumu.

Siku moja nilipita na fungu la rijla, ile mboga ya majani manene yenye uchachu, nikilipeleka jikoni. Mkia ukatoka kwenye kona, ukashika fungu zima, ukalivuta. Akala majani yote, akala na vijiti, akaniangalia kama mie ndiye niliyekuwa nimemwibia muda wote huo. Kumbe ni mtu wa majani na matunda yenye ugumu. Toka siku hiyo nikawa napeleka rijla, majani ya mtini wa uani na tini ambazo hazijaiva, na kuhara kukapungua.

Siku hiyo ndipo nilipoutazama mkia ule vizuri. Upande wa chini, kwenye ncha, hauna manyoya. Ni ngozi tupu kama kiganja, ina mistari kama ya vidole vyako wewe unayesoma. Mtu angeweza kumpigisha nao chapa ya kidole kwenye ikama. Aliutumia kwa kila kitu: alishikia tini, aliningojea nimgeuzie kisogo akanivua mtandio, aliniibia funguo mfukoni. Lakini mle majlisini hapakuwa na kitu cha kushika. Marumaru, vioo, ukuta uliopakwa rangi ya mafuta. Mkia ulikuwa ukipanda ukuta na kuteleza, ukipanda na kuteleza. Sijawahi kuona kiungo cha mnyama kinaaibika, lakini kile kiliaibika.

Alikuwa na sauti moja iliyonimaliza. Nikiingia, alikuwa anageuza uso pembeni, kifua kinatikisika, anatoa kwikwi, hik, hik, hik, kama mtoto aliyelia mpaka machozi yamekwisha. Mie nilidhani analilia kwao. Kuna asubuhi nilikaa chini tukalia wote, kila mtu na nchi yake. Mjukuu wangu ananiambia si kilio kile, ni adabu yao: mdogo akimkaribia mkubwa hufanya hivyo kumwambia nipokee, sina ubaya. Sawa. Mie sioni tofauti kubwa.

Katikati ya hayo akamkosea mgeni mkubwa. Nilikuwa nyuma ya pazia na birika la kahawa. Mgeni yule alikuwa na ghutra, kile kitambaa cheupe cha kichwani, imepigwa pasi mpaka inakata, na juu yake agali, kamba nyeusi ya kuibana, na alikuwa akizungumza mambo ya saruji. Mkia ukashuka kutoka mgongoni mwa kochi, ukanyanyua agali, ukanyanyua na ghutra. Kima akaitafuna ile ghutra ikalowa mate, kisha akaanza kujisugua nayo kifua, juu chini, macho kayafumba, kama bibi harusi anayesingwa. Alipotosheka akamrudishia mwenyewe mapajani. Mgeni akabaki na kofia yake ndogo na upara wake. Kafili hakucheka, na mie ndiye niliyefuliwa kwa maneno, kwa nini sikumfundisha adabu, si nawajua hawa?

Miezi mitatu ikaenda hivyo. Hakuwa amekufa, lakini mbavu zilikuwa zinahesabika, lile tumbo limebaki peke yake mbele. Kisha watoto wa nyumba wakamlisha sanduku zima la halua kwa siri, akajiharibia kutoka kiunoni mpaka miguuni. Nikambeba mpaka chooni nikamwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Niseme hapa kwamba mama yangu alikuwa mkunga. Mitaa mitatu ya Ng'ambo, kule Unguja, ilipita mikononi mwake, na mie toka mdogo nilikuwa nashika taa na kitambaa. Vilivyoumbwa chini ya kanga havinitishi wala havinidanganyi. Nilipokuwa namwosha nikaufikia ule utukufu ambao kafili alikuwa akisifiwa, nikausafisha, nikautazama, nikautazama tena. Haukuwa ule. Ulikuwa ni kitu kingine kabisa, kitu ambacho kila mwanamke anacho naye hujifanya hakijui, ila kwake kimerefuka kikaning'inia. Na chini yake palikuwa na kila kinachotakiwa kuwa kwa mwanamke, mahali pake.

Nikamkausha, nikamfunga kanga, nikafikiri. Nitamwambia nani? Huwezi kumwendea mwanamume wa Kisaudi ukamwambia baba, ile unayojivunia nimeikagua. Nikampeleka kwa Sitti. Alikuwa chumbani kwake, mtandio kauvua, anapakwa hina miguu. Aliponiona na kima akavuta shuka mpaka puani.

"Mtoe huyo mwanamume."

"Sitti, huyu si mwanamume."

"Si mwanamume ni nini?"

"Ni mke."

"Na kile?"

"Kile ni chetu, Sitti. Yeye kapimiwa kwa kibaba kikubwa."

Sitti akaagiza mlango ufungwe na miwani yake iletwe. Nikamweka kima juu ya taulo, Sitti akainama na miwani, mie namwonesha kama mama alivyonionesha. Alichukua muda wake, alikuwa mwanamke wa kuhakikisha. Kisha akavua miwani.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu mwanamke kakaa uchi katikati ya wanaume, na mwanangu ndiye aliyekuwa akimtembeza."

Akamwita mwanawe nyuma ya mlango akamwambia. Sikusikia maneno yote, lakini nilisikia viatu vya kafili vikiondoka haraka. Wageni walipouliza jioni ile, waliambiwa mnyama anaumwa.

Sitti akasema haramu ile isitiriwe, na stara haiko kwenye nyumba hii ya vioo. Stara iko Balad. Kumbe ndilo alilokuwa akilitafuta. Mwanawe alikuwa amemhamisha mwaka mmoja nyuma kutoka nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, ghorofa nne, akamleta kwenye vigae vinavyoteleza kama sabuni, na hakuwa amepata hata siku moja ya furaha. Sasa alikuwa na sababu ambayo hakuna mwanamume angeweza kubishana nayo bila kutaja kisichotajika. Wiki haikuisha tukahamia Balad: Sitti, watoto, mie na binti yangu, na bibi huyu mpya.

Nyumba zile mnazijua, zina roshani za mbao zilizochongwa matundu matundu, mwanamke aone njia bila kuonekana. Kima alipofikishwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili, mkia ulienda wenyewe. Ukaingia kwenye tundu, ukajisokota, ukakaza. Akaachia mikono. Akaachia miguu. Akaning'inia kichwa chini kwa ncha ya mkia, tumbo limemwangukia kidevuni, akafungua mdomo, akakaa hivyo, na mie nikamwona kwa mara ya kwanza hana huzuni.

Balad alinenepa. Alikula kila jani lililopita na muuzaji. Akawa hana mtu wa peke yake: mara kwa binti yangu, mara mapajani kwa Sitti akimchambua nywele moja moja akitafuta mabaki ya hina, naye Sitti akisinzia mdomo wazi. Wale hawaishi peke yao, ananiambia mjukuu wangu. Huko kwao hutembea kundi la makumi, wakilala wanashikana. Sisi hatukujua, ila usingizi wa adhuhuri tulikuwa tukilala rundo, watoto, mie, yeye katikati, mkia kamfunga yeyote aliye karibu asikimbie. Nikienda sokoni nilimfunga kwa kanga mgongoni kama mwanangu, buibui juu. Watu walinipa pole kwa mtoto mwenye manyoya mengi.

Hapo ndipo kichwa changu kilipovimba. Nilikuwa nimesema kweli mara moja, nikadhani ni desturi yangu. Nikalipapasa lile tumbo kama mama alivyokuwa akipapasa, nikamwambia Sitti kwamba bibi huyu ana mzigo, kaja nao toka huko kwenye kizimba cha Ulaya. Sitti akamwambia mwanawe. Kafili, aliyekuwa ameaibika kwa dume lililokuwa jike, akafurahi kupata jike lenye mimba. Akampigia simu mshirika wake Riyadh, akamwahidi mtoto.

Nikaanza uji wa pilipili manga. Nikaanza kumkanda tumbo kwa mafuta ya nazi, naye alipenda, alijilaza chali na kukunja midomo. Nilihesabu kwa miezi ya binadamu kwa kuwa sikuwa na mingine. Mwezi wa nne, tumbo liko pale pale. Mwezi wa sita, pale pale. Mwezi wa saba nikaacha kumtazama Sitti usoni. Ikama yangu ilikuwa inakwisha mwezi ule ule, na kafili alikuwa hajaipeleka popote. Alisema tutazungumza mtoto akizaliwa.

Kisha ikaja amri: mshirika wa Riyadh amepata daktari wa wanyama, Msudani, kima apelekwe, na mie niende naye. Binti yangu alibaki kwa Sitti. Alinishika buibui mpaka garini.

Tulikwenda kwa gari, dereva Myemeni mbele, sisi wawili nyuma. Nilikuwa nimemvisha kima buibui la watoto kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, na kwa haya vilevile, maana nilishazoea. Njiani tukasimamishwa na askari. Akaangalia karatasi za dereva, akauliza nyuma kuna nani. Dereva akasema, "Harimu." Wake za watu. Askari mwenye heshima zake akageuza uso pembeni kama inavyopasa, na pale pale mkia ukatoka dirishani, ukachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake, ukarudi ndani. Akajipapasa. Alijua kabisa kalamu ilikuwapo. Lakini angeitafutaje bila kutuangalia? Akatupungia mkono tuondoke, uso bado upande wa jangwa. Siku nyingine ningecheka mpaka Riyadh. Siku ile nilikuwa nahesabu kilomita kama mtu anayepelekwa hukumuni.

Nyumba ya Malaz ilikuwa na ua na kizimba kikubwa cha chuma. Kafili alikuwa amefika kwa ndege, amesimama na mshirika wake. Daktari akamlaza kima mezani, akambinya tumbo hapa, akambinya pale, akasikiliza kwa mpira. Mie nilikuwa nimemshika mkono, na mkia ulikuwa umenishika kifundo cha mkono.

"Hamna kitu humu," akasema daktari, "isipokuwa majani. Wote matumbo yao ndivyo yalivyo. Wameumbwa hivyo."

Kafili akanigeukia.

"Ulisema unawajua."

Ningeweza kusema mimba imeyeyuka, imelala, jicho baya. Mama yangu alikuwa na maneno hamsini ya siku kama hiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kujua.

"Siwajui, baba," nikasema. "Kwetu hawapo. Sikuwahi kumwona mmoja mpaka ulipofungua kizimba. Nilisema nawajua kwa ajili ya ikama."

Mshirika wake akaangalia viatu. Daktari akaniuliza nampa nini ale. Nikamwambia. Analala wapi? Nikamwambia pamoja nasi, nikamweleza na rundo la adhuhuri. Akatikisa kichwa, akatupeleka kwenye kizimba cha ua.

Dume alikuwa humo, dume wa kweli safari hii, na kwa ukumbusho wa wote, alikuwa na kidogo kuliko yule wa kwangu. Alikuwa na taa ya joto, chakula cha makopo kutoka Ulaya, na mtumishi wa peke yake. Mikono yake ilikuwa haina nywele, kajinyonyoa mwenyewe.

"Huyu nimemtibu mwaka mzima," akasema daktari. "Presha inamuua. Wakifungwa peke yao huwapata. Jina lake nalijua mpaka la Kilatini, na bado anakufa. Huyu mama hajui hata jina, na wa kwake anang'aa."

Nikaambiwa nimwingize. Dume akakenua meno, akashika vyuma akavitikisa, kizimba kizima kikalia. Wangu akageuza uso pembeni, akaanza ile kwikwi, hik, hik, hik, akisogea upandeupande. Akasogea, akasogea, akamkumbatia. Dume akabaki mikono hewani kama mtu aliyesahau kazi yake, kisha naye akakunja mikono juu ya mgongo wake. Wakaanza kulia pamoja. Mkia wa wangu ulikuwa bado umenishika mie kifundo, umepita kati ya vyuma. Nilisimama. Baada ya muda ukalegea pindi moja, kisha nyingine, ukaniachia, ukaenda kumfunga yeye.

Mjukuu wangu anasema kwao ndiyo desturi: ni mabinti wanaoondoka kundi walilozaliwa kwenda kwa watu wengine, madume hubaki nyumbani na mama zao. Sikumhitaji anieleze. Niliona kwa macho yangu mtu anavyokwenda.

Kafili akaniambia, "Rudi Jidda." Nilirudi peke yangu kiti cha nyuma, na mikono sijui niiweke wapi. Balad nikafunga sanduku letu. Halikuchukua muda, vitu vyote vilienea. Binti yangu alikaa juu yake ili lifungike.

Siku ya tatu kafili akaja kumchukua mama yake arudi kwenye nyumba ya vioo, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke tena wa kusitiriwa. Alimkuta Sitti amekaa roshani, pale pale kima alipokuwa akikaa, kashika mbao kwa mikono miwili. Akamwambia mwanawe kwamba haondoki. Akamwambia yeye ni wa kushika kitu, na kule hamna cha kushika. Na kama yeye anabaki, huyu wa Zinjibar na binti yake wanabaki, kwa sababu wanajua mwanawe alivyomtembeza mwanamke uchi mbele ya Jidda nzima, nao wanaweza kunyamaza wakiwa na ikama.

Alisema hivyo hivyo, mbao hajaziachia.

Ikama zikahuishwa. Ila nafasi za walezi kwenye karatasi za kafili zilikuwa zimejaa, mkewe alikuwa amezichukua zote kwa wasichana wapya. Iliyobaki ilikuwa ile nafasi aliyoiomba serikalini kima alipofika. Nikaandikiwa hiyo: kazi, mwangalizi wa wanyama.

Mwaka uliofuata mshirika akatuma picha kutoka Malaz. Kichanga kimoja tu, kama desturi yao, kimeng'ang'ania manyoya ya tumbo la mama yake, kimkia kimezungushwa kwenye mkia wake. Tumbo lake, niwaambie ukweli, lilikuwa lile lile la siku zote. Hakuna ambaye angejua. Picha hiyo ndiyo niliyomtolea mjukuu wangu sandukuni siku ile, pamoja na ikama zangu za zamani zilizofungwa kwa kipande cha kanga. Picha aliiweka pembeni. Alichokaa nacho muda mrefu ni ikama.

Chini ya karatasi ile nilimzika Sitti, nikalea watoto watano wa kafili mpaka wakaota ndevu na jeuri, nikamwoza binti yangu, naye akanizalia daktari. Kila baada ya miaka michache karani alikuwa akiisoma kazi yangu kwa sauti, akinitazama, na mie nikimwambia ndiyo, ndiyo hiyo. Mjukuu wangu kasoma miaka sita kuipata kazi ya wanyama. Mie niliandikiwa bila kuulizwa swali hata moja.